Kijiti cha Chumba cha Vifurushi

Matroni alinipa barua Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika koleo mbili zinazochuruzika maji. Nilimwomba aiweke mezani. Hakuiweka. Alisimama akaningoja nifute mikono, kwa sababu alitaka sahihi yangu, na alitaka niitie mbele ya wahudumu wawili wa wodi waliokuja kufuata mashuka.

Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye maboksi ya glavu, kwa hiyo nasoma polepole, lakini nikishasoma sisahau. Barua ilisema vifurushi kumi na tisa vya upasuaji vimepotea kwa muda wa miezi miwili. Ilisema vimepotea mikononi mwangu, na kwamba nguo ya kijani imeonekana ndani ya mkoba wangu. Ilisema Ijumaa saa tano niende mbele ya kamati nieleze viko wapi, na nikishindwa, kazi yangu imeisha na jina langu litapelekwa polisi.

"Tia sahihi hapa," alisema Matroni. Yeye ndiye mkuu wa wauguzi wote, na sauti yake haipandi hata anapokufukuza.

"Natia sahihi kwamba nimeiba?"

"Unatia sahihi kwamba umepokea."

"Atakayeisoma mwakani atajuaje tofauti?"

Alinisogezea kalamu. Nikatia.

Katika chumba kile nimefanya kazi miaka ishirini na miwili. Hospitali nzima wananiita Mama Vifurushi, hata madaktari wasiojua kama nina jina lingine. Kifurushi ni hivi: mkasi, koleo sita, mpini wa kisu, bakuli dogo na pamba, vyote ndani ya nguo ya kijani iliyokunjwa mara mbili, juu yake utepe wenye mistari hafifu. Kinaingia kwenye mtungi wa mvuke. Kikitoka, ile mistari imekuwa myeusi, na hapo unajua kinaweza kuwekwa karibu na tumbo la mtu lililo wazi. Mistari isipoiva, kinarudi. Nimekunja nguo ya kijani mpaka hata mashuka ya kwangu nyumbani nayakunja pembe kwa pembe namna ileile, bila kufikiri.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu. Niseme vizuri: ni dada wa mwanaume aliyekuwa mume wangu. Kazi nilimtafutia mimi, enzi hizo ndoa ikiwa ndoa. Kaka yake aliponiacha akahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili, wifi alikwenda kuwasaidia kupaka rangi ile nyumba, kisha Jumatatu akaja kazini akaniuliza kama nimeamka salama. Rangi ilikuwa bado imeganda kwenye kucha zake. Tumekaa hivyo miaka sita. Mimi natoa vifurushi mtungini na kuvipanga rafuni, yeye anavitoa rafuni na kuvipitisha dirishani kwa watu wa upasuaji.

Ukutani tulikuwa na ubao mweusi wenye namba moja tu, ya vifurushi vilivyo tayari. Zamani ubao huo ulitugombanisha sana. Nilikuwa naangalia namba, kumi na mbili, nageuka kupanga vitano vipya huku najiambia kichwani kumi na saba, kumi na saba. Wakati huohuo wifi naye ameangalia kumi na mbili, ametoa vitatu, ameandika tisa. Mimi nageuka, nafuta, naandika kumi na saba. Vitatu vyake vimeyeyuka hapo. Ubao unasema kumi na saba, rafuni viko kumi na vinne. Na hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja, ukimchukua peke yake, alikuwa sawa.

Tulitupiana maneno wiki nzima kabla sijafikiria kijiti. Nilichukua kile kijiti kipana daktari anachobonyezea ulimi wa mgonjwa, nikakitoboa tundu, nikakitundika kwenye msumari kando ya ubao. Sharti likawa moja lenye pande mbili: asiye na kijiti haandiki, na asiye na kijiti haangalii. Ukitaka namba, shika kijiti kwanza, ndipo usome, upunguze au uongeze, uandike, urudishe kijiti msumarini. Mwenzako anasubiri amekupa mgongo.

Wifi alicheka siku ile. "Mwaka huu hata macho yangu unayapangia zamu?"

"Macho ndiyo yanayotuibia," nilimwambia. "Mkono unaandika tu kile jicho lilichookota."

Miaka kumi na mmoja ubao haukukosea hata kifurushi kimoja. Hakuna aliyenipongeza, nami sikungoja pongezi.

Kisha ikaja kompyuta. Aliyeileta ni fundi mmoja mwenye upara wa mapema, mtaratibu, ambaye wafagiaji walimpa jina la Profesa kwa sababu alikuwa anaongea na ukuta akifikiri. Aliweka skrini tatu: chumba kikubwa cha upasuaji, chumba cha upasuaji cha wazazi, na kwetu. Tangu siku hiyo daktari hakupiga hodi dirishani kuuliza. Anaangalia skrini, akiona vipo, anaanza kazi na kumtuma mtu kuvifuata. Matroni aliugeuza ubao wetu ukaangalia ukuta. "Huko tumeshatoka," alisema. Kijiti nilikitia mfukoni mwa aproni, sijui hata kwa nini.

Kila Jumamosi Matroni alikuja kuhesabu. Wiki ya kwanza skrini ilisema ishirini, rafuni kumi na nane. Aliandika upungufu, akasahihisha skrini, akaondoka. Wiki iliyofuata vikapungua vitatu. Zilikuwepo Jumamosi ambazo rafu ilizidi skrini, lakini hizo hazikuingia kwenye barua. Vikizidi, kompyuta ina makosa madogo. Vikipungua, mimi mwizi.

Baada ya kutia sahihi ile nilimgeukia wifi. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Wifi, nani amemwambia Matroni kuhusu mkoba wangu?"

"Aliniuliza, nikajibu."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba niliona nguo ya kijani ndani. Ningemdanganya?"

"Ile nguo ina matundu kama chujio. Nilipewa na Matroni aliyepita nipigie deki, na wewe ulikuwepo."

"Hakuniuliza kama ina matundu," alisema wifi. "Usinikasirikie mimi. Mimi nina watoto."

Mimi wangu wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo kwa hesabu yake mimi ni wa kutupwa.

Jumanne nilianza kubeba vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, sabuni, miwani na kipande cha mkate, ili kila mlinzi aone. Rafuni sikusogea peke yangu. Nikitaka kuweka vifurushi nilimwita mfagiaji asimame mlangoni. Nilivihesabu vifurushi mpaka wifi akaniambia nitavichosha. Mistari ya utepe nilianza kuiona hata nikifumba macho, na nilipokuwa nafunga kimoja nilisahau kuweka mkasi, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nikakifungua. Nikaogopa zaidi.

Ndipo nikachukua kipande cha boksi nikaanza kupiga mistari. Kila kinachoingia, mstari. Kila kinachotoka, mstari, na saa yake pembeni. Skrini nayo niliitazama bila kupepesa. Siku nzima ya Jumanne boksi na skrini vilikubaliana, isipokuwa mara moja, saa mbili asubuhi. Jumatano asubuhi nilisimama mapema. Saa mbili ndiyo vyumba vyote viwili vinaanza kazi. Skrini ilikuwa kumi na mbili. Chumba kikubwa wakachukua viwili, cha wazazi wakachukua kimoja, kwa dakika ileile, kila mmoja akabonyeza kwake. Rafuni vikabaki tisa. Skrini ikaandika kumi, halafu mara moja ikaandika kumi na moja.

Nilikaa kwenye ndoo. Kosa lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa lile la zamani, la wiki tuliyotupiana maneno.

Alhamisi saa sita nilimfuata Profesa kwenye kijichumba chake chini ya ngazi. Alikuwa anakula biskuti juu ya vitufe.

"Mwanangu, ndani ya kompyuta yako wanaoandika namba ni wangapi?"

"Mmoja tu, mama. Ni programu moja." Alifikiri kidogo. "Ila ndani yake kuna michakato mitatu."

"Michakato ndiyo nini? Niambie lugha ya watu."

Alifuta mdomo. "Chukulia ni wafanyakazi watatu. Mmoja anahudumia chumba kikubwa, mmoja wazazi, mmoja kwenu. Wote wanafanya kazi kwa wakati mmoja, na namba ya vifurushi iko sehemu moja wanayoitumia wote."

"Na hawagongani?"

"Hapana. Nimeweka kufuli." Alionyesha fahari kidogo. "Anayetaka kuandika lazima ashike kufuli. Wawili hawawezi kuandika kwa pamoja. Cha kuogopa ni mmoja aishike asiiachie, maana hapo wengine wote wanasimama mpaka mfumo unaganda. Hilo nimelizuia."

Nilitoa kijiti mfukoni, nikakiweka juu ya vitufe vyake, kando ya makombo.

"Huyo mfanyakazi wako, namba anaisoma kabla ya kushika kufuli au baada?"

"Anasoma, anapunguza, anashika kufuli, ana..." Aligeukia ukuta. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Wote wawili wanasoma kumi na mbili," aliuambia ukuta.

"Kufuli yako imefunga mkono," nilimwambia. "Jicho umeliacha wazi."

Alifungua kazi yake pale pale. Ilikuwa mistari miwili tu iliyokaa mahali pasipo pake. Alisema kufuli inatakiwa ishikwe kabla ya kusoma, iachiwe baada ya kuandika, na vyote vya katikati viwe kitu kimoja kisichokatwa. Dakika tano, alisema, na kitakuwa sawa.

"Ngoja," nilisema. "Ukirekebisha leo, kesho vifurushi havipotei tena."

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu nimepewa barua. Ijumaa vifurushi vimeacha kupotea. Watasema nini? Watasema mwizi ameogopa."

Aliniangalia kama mtu aliyemwaga kitu. Nilimwambia aache hadi kamati ije yenyewe saa mbili ione kwa macho yake. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, kesho saa mbili wazazi wana wawili wa kupasuliwa, na chumba kikubwa wana mmoja. Vifurushi mnavyo vingapi?"

Mpira wa mlango wa mtungi mmoja kati ya miwili ulikuwa umechoka tangu Jumanne, mvuke unatoka pembeni, tulikuwa tunatumia ule mmoja uliobaki. "Asubuhi vitakuwa vitatu," nilisema. "Labda vinne."

Daktari anapasua kwa kuangalia skrini. Ikimwambia vipo viwili na rafuni hakuna hata kimoja, atajua wakati mama wa watu ameshafunguliwa.

Nitasema ukweli, sikujibu upesi. Nilikaa nikiwafikiria wale wanawake wawili nisiowajua, nikajifikiria na mimi, na kusema kweli kwa muda fulani nilijifikiria mimi zaidi. Miaka ishirini na miwili. Wifi akiwasimulia mtaa wa pili.

"Rekebisha," nilisema. "Lakini kesho saa tano uje useme wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Nitakuja, mama. Kwa kweli nitakuja." Nilichukua kijiti changu, nikakirudisha mfukoni.

Ijumaa saa mbili kila kitu kilikwenda salama. Skrini ilisema nne, ikasema tatu, ikasema moja, na rafuni kilibaki kimoja. Watoto wawili walizaliwa. Niliona namba sahihi na sikufurahi, kwa sababu ushahidi wangu wote ndio huo umeondoka; mistari ya boksi niliipiga mwenyewe, nani angeiamini?

Saa tano niliingia kwenye chumba cha mikutano. Walikuwa watatu: daktari mkuu wa upasuaji, Matroni, na karani wa utumishi mwenye faili lenye jina langu. Wifi aliketi pembeni kama shahidi, amevaa viatu vizuri. Kiti cha Profesa kilikuwa kitupu. Mezani palikuwa na karatasi yake, na karani akaisoma: marekebisho ya kawaida ya mfumo yamefanyika, hakuna data iliyopotea.

"Kwa hiyo mfumo hauna tatizo," alisema karani.

"Hauna leo," nilisema.

"Mama, tusaidie. Vifurushi viko wapi?"

Kwenye meza ya pembeni palikuwa na vikombe vya chai na, nyuma yake, ubao mweupe wa mikutano. Nilisimama bila kuruhusiwa. Nilipanga vikombe kumi na viwili mezani, nikaandika kumi na mbili ubaoni, nikatoa kijiti mfukoni, nikakiweka katikati.

"Daktari, wewe ni chumba kikubwa, unataka viwili. Matroni ni wazazi, anataka kimoja. Kanuni ya kompyuta ilikuwa hivi: hakuna anayeandika bila kijiti. Someni namba."

"Huu ni mchezo gani?" alisema Matroni.

"Matroni, soma tu namba," alisema daktari. Alikuwa mtu wa kuchoka haraka na maneno. "Mimi naona kumi na mbili."

"Na mimi kumi na mbili," alisema Matroni.

"Chukueni vikombe vyenu. Toeni kichwani. Sasa mmoja ashike kijiti aandike."

Daktari alichukua vikombe viwili, akashika kijiti, akaandika kumi, akakirudisha. Matroni alichukua kimoja, akashika kijiti kwa vidole viwili kama kitu kichafu, akafuta, akaandika kumi na moja.

"Karani, tuhesabie vilivyobaki."

Karani alihesabu, akahesabu tena. "Tisa."

"Ubao unasema kumi na moja. Vikombe viwili viko wapi, Matroni?"

Matroni aliangalia kikombe chake, akaangalia viwili vya daktari.

"Kijiti tulishika," alisema daktari polepole. "Zamu kwa zamu."

"Mlishika baada ya kusoma. Kinatakiwa kushikwa kabla. Kule kwenye kompyuta walikuwa watatu, kila siku saa mbili, miezi miwili. Jana nilimwonyesha fundi, akarekebisha. Muulizeni ni mistari mingapi. Ni miwili."

Karani alipiga simu. Tulisikia Profesa akijibu, na kwa mbali sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema ndiyo. Alisema ni mama aliyegundua. Alisema alipewa maelekezo na mkubwa wake asije, aandike tu karatasi. Daktari akacheka, si kwa furaha, akamwambia wifi, "Na wewe, umeona akiiba?"

"Mimi niliona nguo," alisema wifi. "Yenye matundu."

Siku ile ndipo alipokumbuka matundu.

Waliniambia nirudi kazini. Niliomba waichane barua mbele yangu. Karani alisema barua haichanwi, inahifadhiwa, ila ataandika kwamba suala limefungwa.

"Limefungwa likisema nini? Kwamba sikuiba?"

"Limefungwa tu, mama."

Niliomba wanipe kwa maandishi kwamba sikuiba. Walisema yanaandaliwa. Ni mwaka na nusu sasa, na nikipita mlango wa utumishi bado nauliza, na bado yanaandaliwa. Profesa alikuja mara moja na biskuti. Nilizipokea, nikawapa wafagiaji.

Daktari aliagiza ubao wetu ugeuzwe tena, uwepo pamoja na skrini, kimoja kikiangalia kingine. Jumatatu iliyofuata wifi alifika amebeba maua ya plastiki akayaweka dirishani bila kusema ni ya nini. Saa mbili ilipofika, dirishani waligonga wakitaka vitatu. Mimi nilikuwa nimetoa vinne mtungini. Tulifika kwenye msumari pamoja. Alirudisha mkono wake.

"Shika wewe kwanza, wifi."

Nilishika. Alinipa mgongo, kama sharti linavyotaka, vifurushi vitatu vimemjaa mikononi, kidevu juu ya cha juu kabisa. Nilisoma namba. Niliongeza vinne. Niliandika. Kilichobaki ni kurudisha kijiti.

"Umemaliza?" aliuliza akiangalia ukuta.

Sikujibu. Vifurushi ni vizito, na yeye ana bega bovu. Watu wa dirishani walikuwa bado hawajagonga mara ya pili. Nilisimama na kijiti mkononi, nikiangalia namba yangu, naye akasubiri.

Walipogonga, nikakitundika.